Salamu Zilizofika Oakdale

Binti yake Jotham alinipigia simu Jumanne moja mchana, nikiwa nimesimama jikoni nabishana na sufuria ya ugali. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba baba yake amefariki asubuhi ile. Kisha akajaribu Kiswahili chake cha kuokoteza: "Pole, anko." Mimi ndiye niliyepaswa kumpa pole yeye, lakini ulimi uliteleza nikajibu, "Asante," kama mtu aliyepishwa mlangoni. Nilizima jiko, nikavaa koti. Mke wangu, ambaye kwa miaka mingi hajaniona nikitoka ndani ila kwa miadi ya daktari, aliacha alichokuwa akifanya akanitazama. Nilifika mpaka barazani, nikasimama pale nikiangalia theluji ya jirani, nikarudi ndani. Kwa mtu kama mimi, hiyo ni safari. Nilimfahamu Jotham miaka ishirini na saba. Ishirini na sita kati ya hiyo nilimwamini kwa kila kitu, pamoja na funguo za nyumba yangu. Mwaka mmoja shaka iliingia kati yetu, na huo ndio ninaoukumbuka vizuri kuliko yote. Nadhani ndivyo tulivyoumbwa: imani hulala usingizi, shaka hukaa macho ikitazama kila kitu, hata ufa wa kikombe.

Jinsi mtu wa Singida alivyojikuta Minnesota ni hadithi ndefu isiyo na utamu, naiacha. Inatosha kusema kwamba mwaka 1996, majani yalipoanza kuwa mekundu, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha kutunza wazee, na sanduku moja, na vyote vitatu vilihamia Champlin, nyumbani kwa Bwana Arne Halvorsen. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa zake na kumwinua akianguka. Nilipewa chumba cha chini ya nyumba, jirani na tanuri la kupasha joto, chumba kisicho na dirisha la maana, na nilikipenda kuanzia siku ya kwanza. Wenzangu walilalamika kwamba kazi za kuishi ndani ni kifungo. Mimi nilikuwa nimetafuta kifungo cha namna hiyo maisha yangu yote: nyumba yenye joto, chakula saa zilezile, na sababu halali ya kutokwenda popote. Mto Mississippi ulipita nyuma ya miti, hatua mia mbili kutoka jikoni, na katika mwaka mzima mimi na mzee tuliutazama labda mara nne, zote kwa bahati mbaya.

Katika chumba cha kulia hakukuliwa kitu. Meza yake yote ilikuwa imekaliwa na manowari ya Kifaransa ya mizinga sabini na minne, kama ilivyokuwa zamani za matanga, imepunguzwa ikawa na urefu wa mtu mfupi aliyelala. Nilipofika ilikuwa bado mifupa: mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, chini na mataruma yake yamesimama kama mbavu za ng'ombe aliyekufa na kiangazi. Nyumba ilinuka gundi, kahawa na mbao za mpea. Mikono ya Bwana Halvorsen ilitetemeka anaposhika kijiko, nusu ya uji ikaishia kifuani, lakini akishika kipande cha ubao chembamba kama njiti, ilitulia tuli. Nilimtilia shaka juu ya hilo. Kwa wiki mbili za kwanza niliamini anatetemesha kijiko makusudi ili nimlishe.

Basi tukala jikoni, na jikoni ndiko nilikosomeshwa. Kila asubuhi, juu ya uji wa shayiri, nilipewa vita vya majini vya Ulaya kwa miaka mia mbili. Waholanzi walijenga meli zenye matumbo bapa kwa sababu maji ya kwao ni ya kina kifupi, sio kwa sababu walikuwa wajinga, alisema, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewatukana. Waingereza walijaza mizinga mingi kuliko meli inavyoweza kubeba, madirisha ya safu ya chini yakawa karibu na maji mno. Siku ya mawimbi ilibidi wayafunge, na mizinga mikubwa kuliko yote ikawa mizigo tu. Wafaransa walijenga meli ndefu na madirisha ya juu. Waingereza walifanyaje? Waliikamata meli ya Kifaransa, wakaivuta hadi kwao, wakaipandisha gatini, wakaipima ubao kwa ubao, kisha wakajenga ya kwao vilevile. "Na hakuna anayeuita wizi," alisema. "Wanauita ushindi." Nilijibu kwamba shuleni kwetu aliyenakili mtihani alichapwa viboko sita. Alisema shule yetu ilikuwa na akili kuliko bunge la Waingereza.

Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya manowari ya mfalme wa Uswidi. Iliwekwa mizinga mingi, ikapambwa masanamu, ikasukumwa nje ya bandari mbele ya watu wote wa mji. Upepo mmoja ukailaza kidogo, maji yakaingia kwa madirisha ya chini, ikazama hata kabla nyumba za mji hazijapotea machoni. Bwana Halvorsen alikuwa wa ukoo wa Kinorwe, na kwake hiyo haikuwa historia, ilikuwa utani wa jirani. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha uso ukamkunjika, kwa sababu utani ule ulimfikisha palepale kila mara: kwa Roy Lundgren wa Oakdale, Mswidi kwa ukoo, ambaye alifanya naye kazi miaka mingi kwenye majahazi ya nafaka kule Savage. Walianza kujenga meli pamoja. Kisha Lundgren akapata utepe wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho ya meli ndogo, kwa meli ambayo umbo la tumbo lake, kwa mujibu wa mzee wangu, lilitoka kwenye mchoro ulioachwa juu ya meza hiihii. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa. Hata kwenye mazishi ya Ingrid, mke wa Bwana Halvorsen, Lundgren alikaa kiti cha nyuma kabisa akaondoka kabla ya kahawa. Jina lake lilikuwa mwiko ndani ya nyumba, ila kwa mzee mwenyewe kulitaja, na alilitaja kila siku.

Kila Jumatano alikuja binti wa Bwana Halvorsen, Karen, na bakuli la viazi na nyama vilivyookwa pamoja. Karen alikuwa mwanamke wa adabu sana, na adabu yake ilinitia jasho. Alifungua kabati akiniuliza habari za Tanzania. Alisoma vibandiko vya dawa akiniuliza kama nimezoea baridi. Nilikuwa mtunzaji wa tatu. Wawili walionitangulia mzee aliwafukuza, mmoja kwa kugusa michoro, mwingine kwa kutazama michoro. Wiki ya kwanza tu Karen alinipeleka hadi kwenye gari lake akaniambia bila kuzunguka kwamba nami nikishindwa hatatafuta wa nne. Atamhamishia baba yake kwenye nyumba ya wazee, na meza ya kulia haitakwenda naye. Nikarudi ndani nikimtazama mzee anavyoinamia mbavu zake za mpea. Nikaelewa kwamba tuko watu wawili wa ndani, na paa letu liko juu ya msumari mmoja, nao msumari ni mimi.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nashona suruali yake iliyofumuka. Kwenye kikapu cha ushonaji cha marehemu Ingrid nilikuta kile kigurudumu chenye meno ambacho mafundi cherehani hukitumia kuhamisha alama kwenye kitambaa. Nikakipitisha juu ya kidole changu, kikaacha mstari wa vidoti. Bwana Halvorsen wakati huo alikuwa anahangaika na shaba. Manowari za zamani zilivishwa mabati ya shaba chini ya maji ili wadudu wa bahari wasitoboe mbao, na kila bati lilikuwa na misumari pembeni. Yeye alikuwa na utepe mwembamba wa shaba, na alikuwa akitoboa alama za misumari hiyo moja moja kwa sindano, kwa macho ya miaka themanini. Nilikwenda nikakipitisha kigurudumu kwenye kipande cha shaba. Misumari ikajipanga. Mzee alikichukua, akakigeuza, akasoma herufi za mkewe zilizokwanguliwa kwenye mpini, kisha akaanza kazi, na siku ile alikula uji wake wote bila kumwaga. Nami nilitembea ndani ya nyumba ile kama mkuu wa majeshi ya maji, mtu ambaye bahari aliiona mara ya kwanza kupitia dirisha la ndege.

Jumapili niliruhusiwa kutoka, na sehemu pekee niliyokwenda ni ibada ya Wakenya, chini ya kanisa moja la Brooklyn Park. Nilikwenda kwa Mungu na kwa chapati, na sitasema nani alitangulia. Hapo ndipo nilipokutana na Jotham, mtu wa Vihiga, mrefu, mtunzaji kama mimi, aliyeniita Mtanzania kana kwamba ni ugonjwa. Alisema sisi tunaongea Kiswahili kama tunasoma hati ya mashtaka. Nilimwambia wao wanakiongea kama wamekipora njiani wakakimbia nacho. Baada ya ibada tulichukua chai ya tangawizi tukakaa kwenye viti vya watoto vya shule ya Jumapili, magoti yakigusa kidevu, tukasalimiana. Nasema kusalimiana, na msomaji wangu anajua maana yake. Sisi hatukulelewa kuuliza habari tukatosheka na neno moja. Anayejibu "nzuri" akanyamaza ana ugomvi au ana deni. Jotham aliuliza mzee wangu yuko vipi, nikamwambia. Anakula? Anakula. Mguu? Bado unavimba. Usingizi? Na ile meli? Nami nikaijibu meli kama nilivyoujibu mguu, kwa ukamilifu: mbavu zimevishwa, shaba imeanza, na kigurudumu, ndugu yangu, kigurudumu nilikibuni mimi. Kisha nikamuuliza wake, naye akanipa za kwake, na mwisho tukaagana kama watu waliolelewa: "Msalimie mzee wako." "Na wako."

Hapa sina budi kujianika. Kwenye mafunzo yetu ya utunzaji tulifundishwa sheria moja kuu kuliko zote: jina la unayemtunza halitoki nje. Mimi na Jotham tuliishika sheria ile kama amri ya kumi na moja. Miezi yote ile tulisema "mzee wangu" na "mzee wako" tu. Alijua mimi niko Champlin. Yeye alisema yuko mashariki, ng'ambo ya St. Paul. Na aliponiambia wake pia ana manowari mezani, sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nimefahamu habari za wazee wawili wa Kizungu tangu nifike, na wote wawili wana manowari. Nikahitimisha kwamba ndiyo desturi ya uzee wao, kama kwetu mzee akistaafu anavyofuga mbuzi. Jotham baadaye aliniapia kwamba naye alifikiri hivyohivyo. Tulikuwa na vyeti, sisi.

Mwezi wa kwanza lilikuja jarida la chama chao cha wajenzi wa meli ndogo, kurasa nne zilizobanwa kwa pini. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha ya manowari ya Kiingereza ya Roy Lundgren, bado haijaisha, imelazwa ubavu. Chini yake ilivishwa shaba, na pembeni mwa kila bati kulikuwa na vidoti vilivyojipanga kama askari. Bwana Halvorsen aliitazama picha ile kwa kioo cha kukuzia mpaka uji ukaganda. "Kuna mtu," alisema. Kuanzia siku hiyo nyumba ikabadilika. Aliacha kunisomesha. Michoro ikafungiwa kwenye droo. Alibandika unywele wa ndevu zake kwenye ufa wa droo ili ajue ikifunguliwa, na kila jioni akaukuta haupo, akazidi kuiva kwa hasira. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba kila asubuhi niliufuta na vumbi. Nilikuwa mfanyakazi hodari.

Na mimi, je? Mimi nilimshuku Karen. Niliwaza yote nikiwa kitandani kando ya tanuri, nikaona kesi imekamilika: Karen aliipiga picha meli wakati wa Krismasi, akisema ni za bima. Karen anataka baba yake akate tamaa ahame. Nikaanza kumtazama Jumatano kama yeye alivyonitazama. Tukawa watu watatu ndani ya nyumba moja, kila mmoja akimpisha mwenzake mbele ili abaki nyuma yake. Jumapili nilimweleza Jotham yote, pamoja na mashaka yangu juu ya binti. Akatikisa kichwa akasema familia ni kitu kibaya, akaniongezea chapati.

Wiki moja ya mwezi wa pili, mzee aliniita chumba cha kulia, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaninong'oneza kwamba anabadilisha mpango. Atayateremsha madirisha ya safu ya chini ya mizinga, karibu kabisa na mstari wa maji. Amepata mchoro unaoonyesha kwamba watu wote wanayaweka juu mno. "Hili unajua wewe tu, Eli," alisema. Mtu aliyelishwa manowari ya Waswidi kila asubuhi pamoja na uji angejiuliza swali moja dogo. Mimi nilijaa furaha. Nimeaminiwa tena! Niliipeleka furaha ile kanisani nzimanzima, na Jotham alipofika kwenye "na ile meli?" nikamwambia madirisha yanateremshwa, lakini hilo ni letu wawili.

Jumapili iliyofuata Jotham alipuliza chai yake akasema, "Mzee wangu anauliza, goti la mzee wako lenye aliumia Savage, lilipona ama bado linamsumbua?"

Nilikuwa na mandazi mdomoni. Goti lile nililijua kwa sababu nililifunga bendeji kila siku, lakini neno Savage sikuwa nimelitamka mbele ya Jotham kamwe. Aliyejua goti lile lilivunjikia wapi ni mtu aliyekuwepo likivunjika. Nikameza.

"Mzee wako anamjuaje wangu?"

"Si ni salamu? Kila Jumatatu namwambia, yule rafiki yangu wa Champlin na mzee wake wanakusalimu. Anapenda sana. Anauliza meli imefika wapi, namwambia."

"Unamwambia nini?"

"Yenye umeniambia, bana. Ningemwambia gani ingine?"

Nilimuuliza jina. Akasema hilo hatusemi. Nikamwambia basi nitasema mimi, naye atikise kichwa tu, na niliposema Lundgren hakutikisa; alikiweka kikombe chini, polepole, akanitazama kama anayemwona fundi saa ndani ya nyumba yake na hakumwita. Nilitegemea aone aibu. Badala yake akaniuliza ni nani aliyenituma. Alikumbuka, akasema, kwamba mimi ndiye niliyemfuata mezani siku ya kwanza. Mimi nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeuliza habari za meli. Akasema yeye aliuliza mguu kwanza. Tukafika mahali pa kubishana, watu wazima wawili kwenye viti vya watoto, ni nani aliyeanza kumsalimia mwenzake.

Wiki tano zilizofuata ndizo ninazoziona hata leo nikifumba macho. Jumapili tulikaa mezani palepale, maana kuhama kungekuwa kukiri. "Habari." "Nzuri." "Mzee?" "Yupo." Chai ikapoa. Nyumbani niliungama kwa mzee mara kumi, zote moyoni. Nilisimama mlangoni pa chumba cha kulia na maneno yamejipanga, kisha nikamwona ameinama na kigurudumu cha Ingrid mkononi, nikakumbuka maneno ya Karen garini, nikauliza kama anataka kahawa. Nikiungama nafukuzwa, nikifukuzwa anahamishwa. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake. Nilijishuku hata katika hilo, kwa sababu chumba changu kilikuwa na joto zuri.

Maonyesho ya chama yalikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa nne, ukumbi mmoja wa Maplewood, barafu ya mto ikiwa imeanza kuvunjika. Karen aliendesha. Mimi nilikaa nyuma nimeikumbatia meli ndani ya sanduku, mzee mbele. Tulipopita daraja, bila kugeuka, alisema leo tutajua. Akasema mwezi wa pili alitega mitego miwili. Karen aliambiwa madirisha ya shetri, kule nyuma ya meli, yatakuwa sita badala ya saba. Eli aliambiwa madirisha ya mizinga yanateremshwa. Yote mawili uongo. Meli ya Lundgren itatuambia jina la mtu. Karen alikaza usukani akasema, "Baba," kwa sauti niliyoijua, sauti ya kuchagua nyumba ya wazee. Mimi nilihisi sanduku limekuwa zito kama mizinga yote sabini na minne ni ya chuma kweli. Nilimwombea Mswidi nisiyemjua awe mjinga kiasi na mwerevu kiasi, sikujua hata ni kiasi gani.

Ukumbini nilimwona Jotham kwanza, amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu alimokaa mzee mwembamba mwenye sweta ya bluu. Mbele yao ilikuwa manowari ya Kiingereza. Bwana Halvorsen aliinama akahesabu madirisha ya shetri: saba. Akashuka ubavuni. Madirisha ya mizinga ya chini yalikuwa mahali pake, juu ya maji, sawasawa. Nilianza kupumua. Ndipo nilipoona, kando ya meli, bakuli la kioo la kunywea supu, limejaa maji, na ndani yake kimeli kidogo kama kidole, rangi za Uswidi, njano na bluu, kimelala ubavu chini kabisa. Madirisha yake yalichorwa kwenye mstari wa maji. Mbele ya bakuli kulikuwa na kadi ya mkono: Kwa Arne, kama alivyonishauri.

Karen alisoma kadi, kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza bila adabu. Jotham alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaona kwamba nikinyamaza sekunde moja zaidi nitanyamaza maisha yangu yote.

"Ni mimi," nilimwambia mzee. "Lakini sikuiba. Nilisalimia."

Nikaeleza, vibaya, kwa Kiingereza kilichonikimbia: Jumapili, chai, mguu, usingizi, meli. Kwamba hatukutajiana majina. Kwamba kwetu ukiulizwa unajibu. Jotham akaongezea kwamba na ukiambiwa msalimie, unamsalimia. Bwana Halvorsen alisikiliza bila kunitazama. Alikuwa anamtazama Lundgren, na Lundgren alikuwa ameanza kuwa mwekundu kuanzia kwenye kola.

"Nilidhani ni wewe unayetuma salamu, Arne," alisema. "Kila Jumatatu, tangu vuli. Nilidhani umechoka kugombana." Akagusa bakuli. "Nilipoambiwa habari ya madirisha nilijua ni wewe. Nani mwingine angenitumia utani ule?"

Mzee wangu alivuta kiti. Alichukua muda mrefu kukaa, nami sikuthubutu kumshika mkono. Alipitisha kidole chini ya meli ya Kiingereza, juu ya vidoti.

"Kigurudumu chako umenunua wapi?"

"Hapahapa Maplewood."

"Kinavuta kushoto."

"Najua. Cha Ingrid kilikuwa kizuri zaidi. Alinipunguzia suruali nacho."

Walikaa pale mpaka wakati wa kufunga ukumbi, wakitukana Waingereza. Utepe wa kwanza alipewa mama mmoja aliyejenga kivuko cha mto, na wote wawili walikubaliana, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, kwamba majaji wamenunuliwa. Karen alinikuta mlangoni nikivaa koti mapema, kama anayejua anakwenda wapi. Aliniambia baba yake hajawahi kuzungumza na mtu saa tatu mfululizo tangu mama yake afe. Kisha akaniambia niende nikamsaidie na sanduku. Hiyo ndiyo barua yangu ya kubakizwa kazini, na nilibaki miaka minne, hadi Bwana Halvorsen alipofia chumbani kwake, mita sita kutoka kwenye meza ya kulia.

Msidhani aliniamini tena. Jumapili iliyofuata, nikiwa navaa viatu, aliniita akaniambia nimjulishe yule rafiki yangu kwamba mlingoti wa katikati umepinda. Mlingoti haukuwa umepinda. Wiki ya pili akanipa jambo la kweli, ya tatu la uongo, na kamwe hakuniambia lipi ni lipi. Lundgren alijibu vivyo hivyo. Simu ilikuwepo ukutani kwa kila mmoja wao, lakini walisema simu haina ladha. Mimi na Jotham tulikaa kwenye viti vyetu vifupi tukibadilishana uongo wa wazee wawili kwa uaminifu mkubwa, na katikati ya kazi ile, sikumbuki Jumapili gani, tukaanza tena kuulizana habari zetu wenyewe. Ila alama ilibaki. Tangu mwaka ule mtu akiniuliza habari, moyo wangu huuliza kwanza inakwenda kwa nani. Najibu "nzuri," nafunga mdomo. Mke wangu aliishi nami mwaka mzima wa kwanza akidhani nina mwanamke mwingine.

Jumamosi tulimzika Jotham. Nilivaa koti, nikatoka, nikapita baraza. Baada ya mazishi kulikuwa na chai na chapati kwenye ukumbi wa kanisa jingine, kubwa zaidi, lenye viti vya watu wazima, na nilikaa pembeni nikijibu salamu za watu kwa neno mojamoja kama kawaida yangu. Binti yake alikuja na vikombe viwili, akakaa kando yangu. Ana mdomo wa baba yake. Alisema kwa Kiingereza kwamba baba yake alikuwa akinitania kwao, akiniita jasusi wa Mnorwe. Kisha akakunja uso, akitafuta maneno, akayapanga moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Anko. Habari ya nyumbani?"

Nilifungua mdomo kusema nzuri. Halafu nikakumbuka nani alimfundisha swali lile, na kwamba aliyekuwa ananiuliza siku zote amelala ardhini tangu saa sita. Nikamwambia nyumbani hatujambo. Nikamwambia mke wangu mgongo unamsumbua lakini amekataa fimbo. Nikamwambia goti langu, bomba la jikoni linalovuja, nyanya zilizokufa kwa baridi, usingizi wangu unaokatika saa tisa, na ugali nilioacha nusu siku aliponipigia. Nusu yake sidhani aliielewa. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili akanisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza akauliza, "Na mguu?"

Nikaanza na mguu.